Kuku wa Mama Gidioni Hachinjwi

Kumbukumbu ya marehemu Bonifasia, mke wa Ntwari, wa Murukulazo, Ngara

Mwaka umeisha, Mama Gidioni, tangu ulipoanguka shambani ukipalilia maharage, tukakufikisha hospitali ukiwa umeshatuacha. Mwaka umeisha na mimi bado nina hasira. Binti yetu Nice amenisihi nisianze hivyo. Yeye alikuwa ameshaandika maneno yake mazuri, kwamba ulikuwa taa ya familia na kwamba pengo lako halizibiki. Nikamwambia maneno hayo yapo kwenye kila tangazo la kumbukumbu, na wewe hukuwa kila mtu. Nikamnyang'anya kalamu. Kwa hiyo anayesema hapa ni mimi mumeo, kwa niaba ya familia, na familia imekubali shingo upande.

Ulikuwa mwema, na wema wako ulikuwa wa mikono. Ulitoka shambani na mzigo wa kuni kichwani, na bado ukapitia kwa mgonjwa kumchotea maji. Ulimsalimia hata mlevi aliyelala kando ya njia, tena ukasimama kungoja aitikie. Kwenye sahani yangu uliweka kiazi kikubwa, halafu ukajifanya kwamba wewe vikubwa huvipendi. Nilijua unanidanganya, nikala hivyo hivyo, kwa sababu ukikataliwa ulinuna mpaka kesho yake.

Siku za soko ulibeba mayai mpaka Ngara mjini kwa rafiki yako Kuluthumu, yule mwenye duka la kanga na viungo, ambaye babu zake walikuja huku kutoka pwani kufanya biashara wakabaki. Mayai yaliisha mapema, lakini wewe hukurudi mapema. Mlikaa nyuma ya duka mkiongea, mkicheka, huku mimi nyumbani nikimuuliza kila anayepita kama amekuona. Sikukuu ya Idi ulikula kwake, Krismasi alikula kwako. Siku tulipokuzika alikaa mkekani tangu asubuhi, hakugusa chakula, na hakuna ndugu yetu hata mmoja aliyekulilia kama yeye.

Sasa nije kwa kuku, maana ndiyo sababu ya hasira yangu, na majirani wote wanajua.

Ulikuwa na mitetea wawili, Kishungi na Madoa. Ugonjwa wa mdondo ulipopita ukafagia banda zima, walibaki wao tu, wakiwa bado vifaranga wasio na manyoya ya kutosha. Uliwalea jikoni ndani ya kapu, ukawapasulia mahindi kwa meno yako. Walikua pamoja na hawakuachana. Mmoja akienda kutaga, mwingine alisimama karibu na kiota akimngoja, na usiku walilala kwenye kijiti kimoja, ubavu kwa ubavu. Ulipokuwa unapika walikuja mpaka kwenye mafiga na wewe ukawasimulia habari za kijiji. Mimi nilisikia habari nyingi kwa njia hiyo, nikiwa nje nimekaa kimya.

Na wewe mwenyewe, Mama Gidioni, hukula kuku hata siku moja. Mama yako alikulea kwa desturi ile ya zamani, kwamba mwanamke haweki nyama ya kuku mdomoni. Padri alishasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na Nice anakula kuku na chipsi mjini bila wasiwasi. Wewe ulisema huna ugomvi na anayekula, ila mdomo wako haukubali. Ulimpika kwa ajili ya wageni, ukamuunga vizuri, ukampakua, halafu ukarudi jikoni kula maharage yako.

Shika hapo, na msomaji naye ashike hapo.

Siku ya kuanua matanga uwanja ulijaa watu. Mimi nilikaa ndani na wazee, kichwa kimevimba kwa kulia, sijui kinachoendelea jikoni. Ikaletwa sahani ya kwangu. Juu ya ndizi kulikuwa na firigisi, kama anavyopewa mwenye mji. Nikaitazama. Nikauliza, "Kuku huyu ametoka wapi?"

Philbert, mdogo wangu, ndiye aliyejibu, huku mdomo unang'aa mafuta. "Ni wa marehemu, kaka. Kuku wa marehemu hawabaki. Siku ya kuanua matanga wanaliwa, ndiyo mila, ili mwenyewe apumzike."

"Mila ya nani?"

"Yetu."

Mimi nimemzika baba yetu. Nimemzika mama yetu na shangazi zetu wote. Mila hiyo sikuisikia kwenye msiba wowote. Mila hiyo ilizaliwa asubuhi ile ile, ndani ya tumbo la Philbert, Kishungi alipopita mbele yake akiwa amenona. Nikaisukuma sahani. Wakasema, muacheni, ni uchungu. Kisha wakaila na ile firigisi. Wote walikuwa wanaume, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwekea Kishungi maji.

Madoa alipona kwa sababu alikuwa ameingia migombani kutaga, hawakumwona. Philbert alimtafuta, usifikiri hakumtafuta. Alizunguka shamba lote na fimbo mkononi, akiwa amevaa koti la msibani.

Watu walipoondoka, Madoa akatoka. Akaenda bandani, akatoka. Akaenda jikoni, akatoka. Akazunguka nyumba akiita kwa ile sauti waliyokuwa wakiitana, akinyamaza kidogo kusikiliza, kisha akiita tena. Nyuma ya jiko waliomchinja Kishungi waliacha manyoya yake pale pale chini. Hawakuona haja ya kuyafukia. Madoa alifika hapo akasimama. Alisimama mpaka nikashindwa kumtazama, nikachukua jembe nikayafukia mwenyewe, natukana. Nice anasema nisiandike nilichotukana.

Kuanzia hapo akaanza kufa. Sitatafuta neno la upole. Aliacha kutaga na kula. Upanga wake wa kichwani ukapauka, kifua kikawa mfupa mtupu. Hakuingia bandani tena jioni, alikuja kukaa kizingitini pa mlango wetu, manyoya yamesimama kama mwenye homa. Na mimi nikajua kwamba huyu naye akifa, basi kila kilicho hai ulichokilea kwa mkono wako hapa nyumbani kitakuwa kimekwisha. Watoto wana miji yao. Huyu alikuwa bado anakutafuta jikoni.

Unanijua, Mama Gidioni. Mimi ni mtu wa kahawa na ng'ombe. Habari za kuku kwangu zilikuwa mambo ya wanawake na watoto, na nilikuwa nikikutania unapozungumza nao. Sasa nilijikuta mimi ndiye nimekaa kwenye kigoda chako, napukuchua mahindi, namsimulia kuku habari za kijiji. Nilimletea kumbikumbi walipotoka baada ya mvua, nikawaweka mmoja mmoja mbele ya mdomo wake. Nilimwachia redio imewashwa nilipokwenda shambani. Nilimlaza jikoni ndani ya kapu lile lile la zamani. Vijana waliokuwa wakipita walichungulia wakacheka, wakasema Mzee Ntwari amechanganyikiwa. Nilitoka na fimbo mara moja, hawakucheka tena karibu na uzio wangu.

Mtu mmoja wa jumuiya alinishauri niweke kioo. Nikachukua kile ninachonyolea ndevu, nikakiegemeza ukutani. Madoa akakiona. Akasogea, akainamisha kichwa, na yule wa kiooni akainamisha. Akatoa ile sauti yake. Siku nzima hakuondoka mbele ya kioo, alikuwa akiita na kungoja aitikiwe. Jioni nikakichukua nikakirudisha chumbani. Sikutaka adanganywe, na sikutaka kuisikia tena ile sauti ikiuliza ukuta.

Mwanetu Gidioni naye akaja kusaidia. Wote tunajua Gidioni ana moyo mzuri na haraka nyingi. Alikuja kutoka kwake Nyantakara, kule Biharamulo, na kwenye usukani wa pikipiki alikuwa amening'iniza jogoo kichwa chini, mkubwa, ana makucha ya kutisha. Hakusema hodi. Alimfungua kamba akamwachia uwanjani. Jogoo yule, aliyetoka kutikiswa njia yote kutoka Biharamulo, akamrukia Madoa akamparua mgongo mpaka damu. Nilimfukuza kwa ufagio. Nikamgeukia Gidioni.

"Umeleta nini hiki?"

"Shikamoo baba. Nilidhani anahitaji mume."

"Nani alikuambia anahitaji mume? Amefiwa na mwenzake, umemletea jambazi!"

Alirudi na jogoo wake jioni ile ile. Nilimpaka Madoa majivu kwenye majeraha. Hakunikimbia, alitulia tu mikononi, mwepesi mno.

Wiki hiyo hiyo akaja Philbert, naye ana la kusaidia. Alikaa, akanywa pombe ya ndizi, akakohoa. "Kaka, mwanamume hakai peke yake. Nyarubungo kuna mjane mmoja, mtu wa kanisa, mtulivu. Twende ukamwone."

Nikamwambia, "Philbert, umemaliza kula kuku wa mke wangu, sasa unanitafutia na mke?"

"Nakuonea huruma."

"Nionee kwa mbali."

Aliyesaidia kweli ni Kuluthumu. Alipanda gari mjini, akaja mpaka Murukulazo na mapochopocho yake, eti amekuja kuniona mimi, lakini alikwenda moja kwa moja kwa Madoa. Akambeba, akamgusa kifua, akamtazama mdomo na macho. Kisha machozi yakamtoka, nikaangalia pembeni.

"Shemeji," akasema, "kuku hafugwi mmoja. Huyu haumwi, amekosa wenzake. Lakini usimtupie kuku yeyote kama alivyofanya Gidioni. Watapigana, atauawa."

"Sasa nifanyeje?"

"Atafanya Kuluthumu. Wewe utafuata."

Akaniletea mitetea wawili wachanga kutoka uani kwake, wapole, tayari wamepewa dawa ya mdondo. Kwanza aliniamuru niwaweke mbali kabisa, nyuma ya zizi, tuone kama wana ugonjwa. Mimi nilitaka kuwafunga kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko na kuwazungusha kwenye mafiga, kama ulivyokuwa ukifanya kwa kuku mgeni ili asipotee. Kuluthumu alinitazama kwa jicho ambalo naamini alilijifunza kwako. "Mafiga yatawazuia wageni wasitoroke," akasema. "Mwenyeji anayeumia moyo hayamsaidii."

Walipoonekana wazima, tuliwaweka ndani ya tenga katikati ya uwanja. Madoa nje, wao ndani. Wanaonana lakini hawafikiani. Nikamwaga mahindi pande zote mbili za tenga, ili wale pamoja huku kila mmoja yuko kwake. Siku za kwanza Madoa alitunisha manyoya akawachapa kupitia matundu, na mimi nikafurahi, kwa sababu mwenye hasira hajafa. Baadaye akaanza kula karibu yao. Baadaye akawa analala mchana kivuli kile kile, ameegemeza ubavu kwenye tenga. Niliona hilo nikiwa natoka kwenye kahawa. Nilisimama na kikapu kichwani na sikutaka kupumua.

Kisha jioni moja, giza lilipoanza kuingia na wote wamezubaa, niliwatoa nikawapandisha kwenye kijiti bandani, yeye katikati, kama Kuluthumu alivyoagiza. Kulipokucha kulikuwa na kudonoana kidogo na kelele. Nilikuwa mlangoni na fimbo, sijui fimbo ya kumpiga nani. Haikuhitajika. Madoa aliwachapa kila mmoja mara moja, akawaonyesha nani mwenye mji, akatoka nao uwanjani akawaonyesha pa kuchakura.

Sasa anataga. Kifua kimejaa. Upanga ni mwekundu. Ningependa ungemwona.

Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa sababu Philbert hajashiba. Jumapili iliyopita baada ya ibada alinikuta nje ya kigango, mbele ya watu, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya ukoo: "Kaka, Jumamosi ya kumbukumbu tunachinja yule aliyebaki. Mila ilibaki nusu, na jambo la nusu si zuri. Marehemu anadai haki yake."

Damu ilinipanda, Mama Gidioni. Daktari alishanikataza. Nilimshika kola ya koti, la msibani lile lile.

"Philbert, umekula kwa shemeji yako tangu hujaota ndevu. Umewahi kumwona anakula kuku?"

Akajaribu kuubandua mkono wangu kwenye kola.

"Nakuuliza. Umewahi?"

"Sijawahi."

"Akiwa hai, anampika kwa mkono wake, hajala. Sasa yuko kaburini, amekudai lini huyo kuku? Alikutokea wapi akakuambia? Na kwa nini akutokee wewe, aniache mimi niliyelala naye kitanda kimoja?"

Watu walianza kucheka, na Nice alijificha nyuma ya shangazi wa katekista. Philbert alijinasua, akatengeneza kola yake. Nilidhani ataomba radhi. Akauliza, "Basi watu watakula nini?"

"Ndizi na maharage. Watakula alichokula yeye."

Akaondoka akisema wazee wa ukoo watakasirika. Wakikasirika waje. Watanikuta mimi nimekasirika kabla yao.

Kwa hiyo tunatangaza kwa ndugu, jamaa na majirani. Misa ya kumbukumbu ni Jumamosi asubuhi kigangoni, kisha tutaelekea kaburini na nyumbani. Wote mnakaribishwa, Philbert akiwemo, maana ni mdogo wangu na wewe Mama Gidioni ungenigombeza kama ningemfungia lango. Atakaa, atapewa sahani, atapewa na ya kuongezea. Ila kuku wa Mama Gidioni hachinjwi. Hatachinjwa Jumamosi hii, hatachinjwa Pasaka, hatachinjwa kwa mgeni wa aina yoyote, hata akija askofu. Atakufa kwa uzee wake, na nitamfukia mwenyewe pamoja na manyoya yake. Mlango wa banda nitaukalia mimi.

Na kuna jambo lingine, la mwisho, ambalo Nice hajalisoma.

Madoa haji tena mlangoni. Tangu apate wenzake, jua likizama anaingia nao bandani bila kutazama nyuma. Mimi bado naweka mahindi kizingitini na kuacha mlango wazi. Anapita na wasichana wake wawili, wanaongea yao, wananiacha. Nilihangaika mwaka mzima ili afike hapo, na nimefurahi kwamba amefika, na nimeumia. Yote mawili ni kweli.

Majirani wameona. Wanakuja wananiambia kwa upole, "Mzee, si unaona, hata kuku amezoea." Wanamaanisha kwamba na mimi imetosha, kwamba nikubali mjane wa Nyarubungo, au nihamie kwa Gidioni, au angalau niache kuvaa hili koti la msiba kila Jumapili. Wananiambia kama watu wanaomletea mtu tenga, kama lile nililomwekea Madoa.

Nawajibu hapa, mbele yako, ili wasirudie. Kuku amezoea. Mimi sijazoea, Bonifasia. Natoka shambani, nikifika kwenye kona ya migomba naita jina lako kabla sijakumbuka, na kila siku nakumbuka upya. Sitaki kuletewa mtu wa kunizoesha.

Unakumbukwa na mumeo Ntwari. Wanao Gidioni na Nice. Mkweo na wajukuu wako wa Nyantakara. Shemeji yako Philbert, ambaye nimemwandika kwa sababu hata yeye alilia, nilimwona. Rafiki yako Kuluthumu na watu wote wa nyumbani kwake. Na jumuiya yako ya Murukulazo.

Tutakukumbuka siku zote za uhai wetu, na mtu asituambie yatosha.